Gauni Jeupe na Miguu ya Stéphane

Jumamosi tarehe 8 Juni 2024, dereva Huguette Kabemba alitolewa kwenye msafara wa harusi mbele ya kanisa moja mjini Kolwezi, Kongo, na bibi harusi akahamishiwa gari jingine. Sababu ilikuwa doa jeusi kwenye pindo la gauni, pana kama kiganja. Bibi harusi alikuwa ameegemea boneti apigwe picha, gauni likagusa gurudumu la mbele.

Huguette ana miaka arobaini na moja. Anaishi ukingoni mwa mtaa wa Kasulo, na Toyota yake nyeupe ndiyo inayolisha nyumba. Siku za kawaida hubeba abiria mjini. Jumamosi hubeba maharusi, na Jumamosi moja huzidi wiki nzima ya abiria.

Unga ule mweusi hutoka kwenye plaketi, yale mabamba mawili yanayobana diski ya gurudumu dereva akikanyaga breki. Zake zilikuwa na chuma ndani. Zilishika vizuri, na kwa kadiri zilivyoshika ndivyo zilivyosagika. Akipangusa rimu asubuhi, adhuhuri zimeshakuwa nyeusi. Kasulo, ambako watu wamechimba kobalti chini ya vyumba vyao vya kulala, unga mweusi una jina moja tu: kobalti, ambayo wachimbaji huiuza dépôt, kwa wanunuzi wa mawe.

"Mama Huguette, sasa unachimba mu magurudumu?" wauza makaa walimtania. "Jaza mufuko, tupeleke ku dépôt!"

Kabla ya Juni alicheka nao. Baada ya Juni alipandisha kioo.

Alikwenda kwa fundi wake, tata Ezéchiel Ngoyi, ambaye alimwekea maboksi mawili juu ya tairi kuukuu.

"Hii ni ya chuma, sawa na ile uko nayo. Inachafula, lakini unagusa tu, motokari inasimama. Hii ingine ni ya seramiki. Rimu inabakia safi. Lakini haiumi sawa na ile. Unakanyaga, inafikiri kwanza."

"Inafikiri nini?"

"Kama isimame ao isisimame."

"Tata Ezéchiel, unaniuzisha ao unanikataza?"

"Mi nauzisha zote mbili. Njo maana naweza kukuambia."

Zipo seramiki zinazoshika vizuri, Ezéchiel mwenyewe alikubali. Hakuwa na njia ya kujua kama zile zilizofika Kolwezi wiki hiyo zilikuwa miongoni mwao. Huguette alichukua za seramiki. Alikuwa akimfikiria mama Bilonda.

Katika harusi za hapa hakosekani shangazi ambaye kazi yake ni kukagua gari. Mama Bilonda alikuwa shangazi wa bibi harusi aliyefuata. Alifika Ijumaa na kitambaa cheupe cha mkononi, akainama, akakipitisha ndani ya rimu, akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa cheupe bado.

"Eh! Hii njo motokari ya kubeba muolewa," alisema.

Huguette alipata kazi. Lakini kuna desturi nyingine, nayo ndiyo iliyomnyima usingizi Ijumaa hiyo. Katika msafara, mpiga video hukaa kwenye buti iliyo wazi ya gari la mbele, miguu ikining'inia nje, kamera ikiwaelekea maharusi. Dereva wa bibi harusi anatakiwa afuate karibu sana, hadi uso wa bibi harusi uonekane vizuri kupitia kioo. Mpiga video wa harusi hiyo alikuwa Stéphane, mdogo wake Huguette, tumbo moja.

Kesho yake msafara ulipita mjini kwa honi na vigelegele. Kwenye njia panda, lori lililobeba mawe ya mgodi wa Mashamba lilijitokeza bila kusubiri. Gari la mbele likasimama ghafla. Huguette akakanyaga.

"Ilifikiri," alisema baadaye. "Kidogo tu. Lakini ilifikiri."

Stéphane aliwahi kuvuta mguu mmoja. Wa pili ulibanwa kati ya bampa mbili. Mfupa haukuvunjika, ngozi ya kifundo ilichunika na mguu ukavimba hadi kiatu kikakatwa kwa wembe. Kwenye video, ambayo familia ile iliomba ikatwe mahali hapo, sauti ya Stéphane inasikika akimwita dada yake: "Yaya! Yaya, miguu!" Gauni la bibi harusi halikupata doa.

Jumatatu Huguette alirudi gereji. "Nirudishie zenye kuchafula," alisema, na Ezéchiel akafungua magurudumu.

Mdogo wake hakukasirika. "Ulitaka nifilimu bien, sasa natembea sawa bata," alimwambia. Lakini Huguette alipomwomba asikae tena kwenye buti, apige picha akiwa pembeni mwa barabara, Stéphane alikataa.

"Yaya, nikikaa pembeni nitafilimu nini? Vumbi? Kolwezi yote tunakaa vile. Batu banatulipa juu ya ile."

Huguette akajaribu njia nyingine. Odile Mukuna, anayemwoza binti yake Jumamosi hii, alipokuja na kitambaa chake kikatoka cheusi, Huguette alimwambia ukweli wote: plaketi, lori, mguu. Kisha akapendekeza kitenge kitandikwe juu ya gurudumu wakati wa picha.

"Kitenge ku motokari?" Odile alirudi nyuma hatua. "Ni matanga? Mutoto wangu anaolewa, mama, hatumuziki."

"Basi awe mbali na gurudumu."

"Motokari yako ni muzuri. Lakini apana."

Binti wa Odile atabebwa na gari jeupe lililokodiwa upande wa pili wa mji. Rimu zake zinang'aa, na hakuna aliyeuliza plaketi zake ni za aina gani. Huguette atabeba abiria. Stéphane, ambaye bado anachechemea, atakaa kwenye buti ya gari la mbele la msafara huo, miguu nje.