Waya Mwekundu wa Pasi ya Anneliese

Wifi yangu Edna Sugden hakumwamini mtu yeyote kwa kazi ya plagi. Hata mimi, dada wa marehemu mumewe, niliyekaa naye ukuta kwa ukuta hapa Keighley, Uingereza, hakuniamini. Miaka ile ukinunua birika la umeme au redio, dukani wanakupa kitu kina mkia wa nyaya tupu. Plagi utajinunulia na kuifunga mwenyewe. Basi mtaa mzima tulibeba vitu vyetu mpaka jikoni kwa Edna. Wanaume nao walikuja, wakijifanya wametumwa na wake zao.

Kazi hiyo alijifunza kiwandani wakati wa Vita Kuu ya Pili, na aliipenda jamani. Anachuna ngozi ya waya kwa kisu bila kuigusa shaba, huku akikusomea somo utake usitake: "Mwekundu unaoleta umeme kwenye fyuzi, mweusi upande wa pili, wa kijani, ule wa ardhi unaokuokoa, juu. Na wa kijani uachie urefu kidogo, ili waya ukivutwa huo uchomoke wa mwisho." Siku moja alimgundua jirani yetu Walter Binns ameizungushia fyuzi iliyoungua karatasi ya kung'aa ya sigara. Weee! "Unataka kuwachoma wanao wakiwa usingizini, bwege wewe?" Walter alimaliza chai yake, na kesho yake akaleta keki ya tangawizi.

Maana Edna akikupenda, alikutukana. Asipokupenda, alikutendea kwa adabu tu, na hapo ndipo palipomuumiza mkwe wake.

Mwanawe wa pekee, Clifford, alirudi kutoka jeshini Ujerumani akiwa na mke, Anneliese, wakafikia kwa Edna. Kutwa ilikuwa "Kaa tu, mpenzi. Usijisumbue, mpenzi." Binti wa watu akivunja sahani, "Si kitu, mpenzi." Mimi ningevunja ile sahani, ningesimangwa mpaka Pasaka.

"Shangazi, hanitaki," Anneliese aliniambia tukianika nguo uani. "Anaongea nami kama anangoja teksi ije kunichukua. Mambo yakiendelea hivi nitamwomba Clifford tuhame."

Niliona aibu kwa niaba ya ukoo mzima.

Jumanne iliyofuata, siku ya kupiga pasi kama kila Jumanne, pasi ya Edna ikafa. Anneliese akapanda juu, akashuka na pasi ya marehemu mama yake, kitu pekee cha nyumbani kwao alichokuja nacho. Akaiweka mezani kwa mikono miwili. Edna akaikata plagi ya kigeni, akachuna, zikatokea nyaya tatu: mwekundu, mweusi na wa kijivu.

"Samahani," Anneliese akaanza, "kwetu huo mwekundu..."

"Usijali, mpenzi, najua." Bisibisi ikawa inazunguka. "Mwekundu ni mwekundu. Huu wa kijivu ndio utakuwa wa ardhi, hauna kazi nyingine."

Binti akanitazama. Mimi nami nikanywa chai yangu, nani angebishana na Edna kuhusu plagi? Edna akachomeka kwenye soketi, akawasha, tukangoja. Pasi haikutoa hata harufu ya joto. Edna, amesimama na ndala zilizolowa kwenye sakafu ya mawe, akalamba kidole kama tufanyavyo sote, akakipeleka kwenye chuma aone kama kimepata moto.

Anneliese alimsukuma! Alimpiga kikumbo cha bega, Edna akaangukia kapu la nguo miguu juu, na kikombe changu cha chai kikapasuka sakafuni. Binti alikuwa ameshazima soketi na kuchomoa plagi.

"Kwetu mwekundu ni ardhi!" Alinyosha kidole kwenye plagi. "Umefungwa kwenye chuma chenyewe! Umekitia chuma umeme!"

Edna akainuka. Akatoa betri na kibalbu cha tochi kwenye droo, akaviunganisha kwa waya, akagusisha ncha moja kwenye ule waya mwekundu na nyingine kwenye tumbo la pasi. Kibalbu kikawaka. Mungu wangu! Kidole kimoja kilicholowa, na leo ningekuwa nasimulia mazishi.

Alikitazama kibalbu kile, kisha akamgeukia mkwe wake, amewiva uso mzima.

"Wewe msichana! Unajua jambo kama hilo halafu unakaa umefumba domo? Mume wako angekuja kukuta maiti kwenye kapu la nguo! Una akili humo kichwani au makapi?"

Nikamwona Anneliese ameduwaa. Halafu machozi yakamtoka, na sauti ikamtoka pia, tena kubwa.

"Nilisema! Ukaniambia 'usijali, mpenzi'! Husikii, Mama! Humsikilizi mtu!"

"Usinipigie kelele jikoni kwangu!"

"Nitapiga!"

Nikatoka polepole, nikasimama barazani nikifuta macho kwa aproni. Clifford akatokea, anarudi kula cha mchana. Akasikia vishindo vya ndani, akasimama.

"Shangazi, kuna nini?"

"Mama yako anamtukana mkeo."

Alivua kofia, akaegemea ukuta, akafumba macho.

"Ahsante Mungu," akasema.