Hakimu wa Kiti cha Pembeni

Fundi makochi yule alikuwa na mdomo usiopoa. Hata akiwa amebana misumari kwa meno aliwatania wateja, na mkewe alizoea kusema siku mume wake akinyamaza, watu waje na sanda. Kumbe alikuwa ameshanyamaza mara moja, na siku hiyo ilimganda kama gundi.

Aliteuliwa kukaa mahakamani kama mzee wa baraza, yeye na muuza duka mmoja. Hakimu alikaa katikati, wao pembeni. Mshtakiwa alikuwa mlinzi wa ghala aliyedaiwa kuiba mali aliyoilinda. Shahidi alijikanyaga, leo hivi kesho vile, na fundi aliona wazi kwamba mlinzi anaonewa. Hakimu alipowauliza mbele ya watu kama mlinzi ana hatia, muuza duka alikubali upesi. Fundi aliinamisha kichwa. Waliosoma wameshaamua, alijiambia, mimi ni nani? Hakimu akahesabu kimya chake kuwa ndiyo. Mlinzi akafungwa, na homa ikamuua gerezani.

Fundi alijifariji kwamba aliyehukumu ni yule wa katikati. Faraja hiyo ilidumu hadi mpwa wake, anayesomea sheria, alipokuja kula chakula cha mchana.

"Mjomba, kumbe na wewe umewahi kuwa hakimu!"

"Hakimu wapi, we mtoto? Nilikuwa napasha kiti joto tu."

"Sheria ya jinai haiangalii joho wala cheo. Ukipewa uwezo wa kutoa hukumu ya mwisho, wewe ni hakimu. Uwezo ukiwa wa kundi, kila mmoja wenu ni hakimu. Tena kwenu ilibidi nyote watatu mkubaliane. Mmoja akikataa, mtu anaachiwa." Akacheka. "Ungekula rushwa, ungeshtakiwa kama hakimu kamili!"

Fundi hakucheka. Chakula kilimshinda.

Tangu hapo mlinzi alihamia kwenye karakana. Fundi alimsikia akisafisha koo nyuma ya marundo ya sponji, vile vile alivyofanya kizimbani akingoja mtu aseme neno. Akigeuka, hakuna mtu. Aliogopa, tena mchana kweupe. Alitamani kitu kimoja tu: ampate wa kumwambia ukweli, atukanwe, atemewe mate, yaishe.

Akaja dada wa mlinzi, amebeba kiti kilichochanika. Fundi alimtambua mlangoni, maana siku zote za kesi alikaa benchi la mbele.

"Kilikuwa cha kaka yangu," alisema. "Nimekuletea wewe makusudi."

Fundi akapiga moyo konde. "Dada, mimi siku ile..."

"Ngoja nimalize, Fundi. Nilipokwenda kumwona kule ndani aliniambia, wale wawili walinimaliza, lakini yule fundi wa pembeni aliinama kwa huzuni, hakusema neno. Yeye peke yake hakunihukumu. Kaka alikuombea dua mpaka siku yake ya mwisho. Nimekuja kukushukuru."

Nyuma ya sponji mtu akasafisha koo.

Mdomo wa fundi ukafunguka. Mwanamke alikuwa akimtazama, macho yamelowa, anatabasamu. Mle ndani hamkuwa na mwingine wa kusema. Fundi akainamisha kichwa, akakishika kile kiti mgongoni.

"Unataka kitambaa cha rangi gani?" aliuliza.