Mume Wangu Aliongoza Wageni Katika Mji Asioujua

Kama umewahi kumkuta mume wako kasimama kwenye ngazi za mnara, katika mji wa watu, anawasimulia wageni historia aliyoitunga mwenyewe, niambie ulifanyaje.

Mimi nilijificha nyuma ya jibaba moja refu, nikasikiliza.

Ngoja niwapeleke mwanzo.

Mimi ni msusi. Mume wangu ni mwalimu mstaafu, kafundisha jiografia mpaka akang'atuka. Mtaani kwetu wanamwita Dira.

Usidhani ni jina la heshima.

Huyu bwana aliwahi kwenda msibani, akagoma kuuliza njia, akaingia msiba wa watu wengine. Akalia pale, akala, akatoa rambirambi, akarudi nyumbani akaniambia marehemu kazikwa vizuri. Jioni wafiwa wetu wakapiga simu kuuliza mbona hatukuonekana.

Ndiyo huyo.

Ila tangu astaafu alikuwa amenyong'onyea. Mtu aliyezoea kutembea mbele na mstari wa watoto nyuma, sasa anashinda sebuleni anawasahihisha watangazaji wa redio. Nilikuwa namcheka, lakini moyoni iliniuma.

Binti yetu ni mfamasia. Kazi imempeleka mji wa mbali, mkubwa, ambao sisi wawili hatujawahi kuukanyaga. Huko akapata mchumba, kijana fundi wa lifti. Akatuita.

"Mama yake anakuja Jumamosi jioni kuonana nanyi," akatuambia. "Baba yake alishafariki. Mama ndiye mwenye neno. Akikataa, basi tena."

Akamgeukia baba yake.

"Baba, nakuomba kitu kimoja. Mkaribishe tu. Usimfundishe."

"Nani kafundisha mtu?" Mwalimu akauliza, kanuna.

Jumamosi asubuhi binti alikuwa zamu. Kabla hajatoka akatupa tiketi mbili.

"Nimewalipia matembezi ya mji. Kuna mwongozaji, kuna basi dogo, mnaonyeshwa kila kitu na mnarudishwa mapema."

"Mwongozaji wa nini?"

"Baba, huu mji ni mkubwa."

"Na mimi ni mkubwa."

Binti akaniangalia. Nikaangalia dari.

"Kufuata kibendera ni mambo ya kondoo," Mwalimu akaendelea, anafunga kamba za viatu. "Unaonyeshwa anachotaka yeye. Hapa piga picha, pale nunua shanga, haya twende. Mji unajulikana kwa miguu."

"Miguu hiyo hiyo iliyokupeleka msiba wa watu?" nikamuuliza.

Akajifanya hajasikia. Simu akaiacha mezani, kwa makusudi kabisa. Simu ina ramani, na kwake yeye ramani ni sawa na kuibia mtihani.

"Ukipotea usinitafute," nikamwambia mlangoni.

"Nikutafute wa nini?"

Akaenda zake. Mimi nikapanda basi.

Mwongozaji wetu alikuwa binti mmoja mchangamfu, kibendera cha njano mkononi, ulimi kama cherehani. Siwezi kudanganya, mengi niliyapenda. Alitueleza kwa nini milango ya nyumba za zamani ni mifupi: kila anayeingia, awe tajiri au mwombaji, lazima ainame. Peke yangu ningepita tu, nikasema hawa watu walikuwa wabahili wa mbao.

Lakini tulikimbizwa jamani.

Ndani ya makumbusho nilichoona vizuri ni visogo vya wenzangu. Halafu basi likakatiza mtaa mzima wa vitana, mawigi na mafuta ya nywele. Mimi msusi, napitishwa pale kama mgonjwa anawahishwa hospitali.

"Tunaweza kushuka kidogo?" nikauliza.

"Mama, ratiba," akasema kwa upole, tabasamu lote nje.

Nikaanza kumwelewa mume wangu. Sikupanga kumwambia.

Mchana tukateremshwa kwenye uwanja mkubwa wenye mnara wa saa. Pigeni picha, mkusanyike tena hapa. Wenzangu wakatawanyika.

Nikaona kundi la watu limezunguka ngazi za mnara. Nikasikia sauti.

Sauti ile naijua. Nimelala nayo chumba kimoja tangu ujana.

"Sasa angalieni juu," sauti ikasema. "Mfalme aliyejenga mnara huu alikuwa na tabia ya kuchelewa kula. Mke wake akachoka kupasha chakula. Akamwambia, jenga saa inayoonekana kutoka kila dirisha, la sivyo nitakula peke yangu."

Watu wakacheka. Wengine wakapiga picha.

Nikasogea. Ni yeye. Kasimama ngazi ya tatu, mikono nyuma, kifua mbele. Uso wake ulikuwa unang'aa namna ambayo sikuiona tangu siku ya mwisho aliyotoka darasani.

Baadaye ndipo alinieleza ilivyoanza. Alikuwa anasoma kibao cha pale kwa sauti, tabia yake. Wapenzi wawili wakasimama kumsikiliza. Mmoja akauliza swali. Na mwalimu akiulizwa swali hawezi kunyamaza, hata kama jibu halipo. Wakaongezeka wengine, wote wageni, kila mmoja akidhani mwenzake kamlipa.

Mke mwenye akili zake angemvuta shati.

Mimi nilimwacha binti wa kibendera na basi lake, nikaingia nyuma ya lile jibaba, miwani ya jua usoni, mtandio nimeushusha. Nilitaka kuona mwisho wake.

Mbele kabisa alisimama mama mmoja mfupi, gauni la bluu, viatu kavivua kavishika mkononi. Huyo ndiye aliyekuwa anamhenyesha.

"Huyo mfalme aliitwa nani?"

"Alikuwa na majina mengi," Mwalimu akajibu.

"Taja moja."

"Tukifika kwenye lango la kale nitalitaja. Twendeni."

Akashuka ngazi, akaingia kwenye vichochoro. Kundi zima nyuma yake, na mimi mkiani.

Nikupe picha. Vichochoro vyembamba, kuta ndefu, kamba za nguo juu. Kila kona inafanana na nyenzake. Mwalimu yuko mbele, mwendo wa mtu anayekwenda kwake. Tukapita nyuma ya karakana ya dobi, mvuke unatoka dirishani, shuka nyeupe zimeanikwa.

Tukakata kulia. Tukapanda. Tukashuka.

Tukatokea kwa dobi.

"Bwana mwongozaji," yule mama wa viatu mkononi akasema, "dobi huyu si tulishampita?"

"Tulimpita kwa upande ule. Sasa tunamwangalia kwa upande huu."

Jibaba langu likatikisa kichwa, limeridhika. Mimi nilikuwa nimejiziba mdomo kwa mtandio.

Tukaenda tena. Safari hii aliongeza mwendo, na nikaona anachofanya mtu asiyejua anakokwenda: anaongea zaidi. Akaeleza mawe. Akaeleza upepo. Akaeleza paka aliyelala juu ya ukuta.

Tukatokea kwa dobi.

Dobi mwenyewe akatoka nje na pasi yake mkononi, akatuangalia, akarudi ndani.

Hapo kicheko kikaniisha. Maana nilimwona Mwalimu shingoni. Shingo ilikuwa imelowa jasho. Akageukia kushoto, akageukia kulia, mkono ukapapasa mfuko wa simu, mfuko mtupu.

Watu wakaanza kunong'ona. Nikajua sasa atatunga njia kama alivyotunga mfalme, tutatembea mpaka giza, na yule mgeni wetu atakuta nyumba haina wenyeji. Nikaanza kupenya nimfikie.

Sikufika.

"Ndugu zangu," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Mimi si mwongozaji. Ni mwalimu mstaafu. Mji huu nimeingia juzi. Sijui tulipo, na sijui tunatokaje."

Akafuta shingo kwa kiganja.

"Nimepotea," akasema. "Na nimewapoteza. Mnisamehe."

Bwana mmoja akasonya, akaondoka na mke wake, wakapotelea kwenye kona. Tukiwa bado tumesimama pale pale, wakatokea upande wa pili, wamenuna. Hakuna aliyewauliza kitu.

"Na mfalme?" mama wa viatu akauliza.

"Simjui."

"Na mkewe?"

"Mkewe ni wangu mimi. Ndiye anayechoka kupasha chakula."

Watu wakacheka, na safari hii hawakumcheka vibaya. Mimi nikashusha miwani.

"Mwalimu."

Akageuka. Sijawahi kuona mtu amefurahi na kufadhaika kwa pamoja vile.

"Uko hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu kwenye mnara."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa natalii."

Akaniuliza kama najua njia. Nikamwambia mwenye kujua njia nimemwacha uwanjani na kibendera chake. Kwa hiyo wajinga tulikuwa wawili. Mwalimu akavuta pumzi, akaenda mwenyewe kugonga dirisha la dobi. Nasema akaenda mwenyewe. Nimekaa naye maisha yangu yote, sikuwahi kumwona anagonga dirisha la mtu kuuliza njia.

Dobi akatoka nje. Akainua shuka moja kwenye kamba.

Nyuma ya shuka kulikuwa na upenyo, na kwenye upenyo, uwanja wa mnara.

Tulifika nyumbani tumechoka kama punda wa chokaa. Binti alikuwa keshaandaa meza, kakunja uso.

"Wageni wako njiani. Mama yake naye ni mgeni mjini, alikuwa matembezini, kachelewa."

Mwalimu alikuwa bado anafuta viatu kengele ilipolia.

Akaingia kijana, shati limepigwa pasi mpaka lina makali. Nyuma yake akaingia mama mfupi, gauni la bluu.

Viatu mkononi.

Nikamwangalia Mwalimu. Mwalimu alikuwa anaangalia mlango wa jikoni, anapima umbali.

"Mama, huyu ndiye baba," binti yangu akasema. "Baba, huyu ndiye mama yake."

Yule mama hakutoa mkono. Alimtazama Mwalimu kuanzia utosini mpaka soksi.

"Namfahamu," akasema.

Kijana akageuka. Binti akageuka. Mimi nikavuta kiti, nikakaa.

"Leo kanizungusha kwa dobi mpaka dobi kanizoea," akasema. "Kanipa mfalme, kanipa malkia, hata paka kaniambia ni wa ukoo gani."

Binti yangu akafumba macho. "Baba, si nilikuomba?"

Mwalimu akainamia soksi zake. Nikajisemea, posa ndiyo hiyo imeyeyuka, na mwanangu hatatusamehe.

Yule mama akaketi, akaweka viatu sakafuni, akavipanga sawasawa.

"Niwaambie ukweli," akasema. "Mimi nilikuja hapa kukataa."

"Mama," kijana akasema.

"Ngoja. Uliponiambia binti ni wa mwalimu, nikasema hao ni wajuaji. Mimi nimeishi na mjuaji. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, lakini hakuwahi hata siku moja kusema hajui. Alitubeba mji hadi mji kwa biashara asizozijua. Nyumba ikaenda, shamba likaenda, na mpaka anafumba macho alikuwa ananiambia tunakaribia kufika."

Akamnyooshea Mwalimu kidole.

"Leo nimemwona mwanamume mzima, mbele ya watu asiowajua, anasema nimepotea. Mimi nilikaa ndoani maisha yangu yote nikilingoja neno hilo."

Akamtazama binti yangu kwa mara ya kwanza.

"Umelelewa na mtu anayeweza kulisema. Basi mwanangu namkabidhi kwako bila wasiwasi."

Binti yangu aliinamisha uso. Kijana wake aligeukia dirishani, anahangaika na pazia ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Mwalimu akainua uso.

"Nilichelewa kulisema, mzazi mwenzangu."

"Ulichelewa," akakubali. "Miguu yangu ni shahidi. Nileteeni maji ya moto."

Aliyeleta beseni ni Mwalimu mwenyewe.

Jumapili tulitoka wote watatu. Yule mama alitaka basi na mwongozaji, kwa sababu ya miguu, na Mwalimu hakubisha. Alikaa kiti cha mbele. Kila alipotaka kuuliza swali, alinyoosha mkono kwanza na kungoja aruhusiwe, kama mwanafunzi. Mchana tukamuaga mwongozaji, tukashuka mtaa wa vitana, nikazunguka mpaka nikatosheka. Njia ya kurudi tuliuliza kwa muuza magazeti, na aliyeuliza mnamjua.

Sasa wewe unayesoma, ukienda mji usioujua, watu watakubishia: chukua mwongozaji, usichukue mwongozaji. Mimi nasema chukua unayemtaka. Mwenye kibendera atakuonyesha usiyoyajua, na miguu yako itakupeleka usikopangiwa. Vyote ni vitamu. Kinachopoteza watu ni kuona aibu kuuliza, na hicho hata nyumbani kwako kitakupoteza.

Kabla sijaituma hii nilimpa Mwalimu aisome. Kasoma yote, kanisahihishia herufi mbili.

Kasema kuna mahali nimekosea. Pale kwa dobi mara ya pili, alikuwa bado hajapotea. Alikuwa anarudia somo.