Kitanda Kilichovuta Ukuta

Chumba changu katika shamba la kahawa, Ruiru, hakikutosha kitanda na meza. Mimi niliyeacha shule mapema nikabuni kitanda cha bawaba na minyororo, cha kukunjwa ukutani mchana. Nyapara akaja kukiona. Kama kingempendeza, ningekuwa seremala wa shamba.

"Tazama, mzee!" Nikakishusha, nikajitupa juu yake. Kwa udadisi wangu wote, sikuwa nimejiuliza ule ukuta wa mbao umeshikwa na nini. Minyororo ikauvuta, ukaniangukia.

Upande wa pili jirani yangu Kamau alikuwa kwenye karai, anaoga.

"Ngai, Mungu wangu! Wewe hujui kupiga hodi?"

Nyapara akageuza uso. Nikatoa kichwa katikati ya mbao.

"Lakini mzee, bawaba hazikung'oka hata moja!"