Kitabu cha Mama Kilichofunikwa kwa Kaki

Juzi, nikifunika vitabu vya shule vya binti yangu hapa Ruiru, harufu ya karatasi ya kaki ilinirudisha Thika, alasiri moja baada ya kumzika baba.

Mama alikuwa ameketi mlangoni, maharagwe yakitokota jikoni, akisoma kitabu alichokifunika kwa kaki kama vitabu vyangu vya shule. Machozi yalimtiririka. Kwetu kaki ilikuwa ya vitabu vya shule tu, basi nikajua mwalimu amempa zoezi lililomshinda. Nikamletea penseli yangu, niliyoichonga vizuri kwa wembe.

“Mama, ni gumu sana?”

“Ni gumu, Shiru. Lakini nimebakisha kurasa chache.”

Siku hizi najua ilikuwa hadithi ya mapenzi, ya mjane anayependa tena, na kaki ilikuwa ya kuificha ili wamama wa kanisa waliokuja kumfariji wasiione.

Kabla ya jua kuzama alifunga kitabu, akajifuta uso kwa leso, akanirudishia penseli.

“Nimepita,” alisema, akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Maharagwe yalikuwa yameungua. Tuliyala hivyo hivyo, na mama akajiongezea sahani ya pili.