Kwenda Nalasi kwa Pikipiki Isiyowaka

Dada yangu Tereza ameolewa Nalasi, wilayani Tunduru, huu mwaka wa ishirini na tano. Mumewe ni Myao, mkulima wa korosho, na kwa Wayao mjomba ndiye mwenye neno. Baba wa binti anaweza kuwapo, shehe anaweza kuwapo, lakini kaka wa mama asipoketi kwenye mkeka, wazee wataulizana: huyu binti hana mtu? Sisi Wangoni mtoto ni wa upande wa baba, kwa hiyo habari hizo nilizichukulia kama pambo la harusi tu.

Ndiyo maana nilifanya nilichofanya. Binti wa kwanza wa Tereza alipoolewa, nilimpigia simu nikamwambia pikipiki imeharibika. Haikuwa imeharibika. Nilikuwa na mahindi ya kuvuna na uvivu wa safari. Wazee wakamweka jirani mmoja akae mahali pangu, na dada akawa mke aliyeolewa mbali asiye na mtu nyuma yake. Mwaka huu, Zuhura, binti wa mwisho, alipochumbiwa, Tereza alinipigia mapema. "Kaka," akasema, "mara ya kwanza niliazima kaka. Usinifanye niazime tena."

Nilimwapia kwamba nitafika. Na Mungu, kwa kunikumbusha, akahakikisha kuwa safari hii pikipiki ni mbovu kweli. Ni pikipiki kuukuu ya Kijapani. Kiki yake iliisha meno zamani, kwa hiyo inategemea kitufe cha stata tu. Tangu mwaka jana ukikibonyeza inasema "tik", kisha kimya. Fundi wa mtaani kwetu alibadilisha betri mara mbili. Kila mara iliwaka vizuri wiki mbili tatu, halafu ikarudia ugonjwa wake.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, Songea. Mke wangu alinisukuma kwenye mteremko wa nyumbani huku akitetemeka kwa baridi ya Julai. Gia ya pili, nikaachia klachi, ikawaka. "Nenda salama, mjomba mkubwa," alinitania. "Na usiizime mpaka uwaone Wayao." Ningeweza kupanda basi, lakini basi lingeniacha Tunduru mjini, na kutoka hapo kwenda Nalasi usafiri wa siku ile nisingeuamini. Nilitakiwa mkekani Ijumaa saa tano, wazee wakutane kabla ya swala, na nikaha ifungwe baada yake.

Namtumbo, saa mbili. Nilikunywa chai na chapati mbili huku pikipiki ikinguruma kando yangu. Mama wa mgahawa aliitazama akanitazama mimi. "Baba, hiyo haipumziki?" Nikamwambia ikipumzika ndipo inapochoka. Alicheka, akaniongezea chai bila kuombwa.

Tunduru, alasiri. Lami ni nzuri siku hizi na nilifika mapema, lakini sikuthubutu kuingia njia ya vumbi jioni na chombo kama kile. Nilitafuta nyumba ya wageni yenye mteremko mbele yake. Mwenye nyumba alidhani nachagua mandhari. Asubuhi alipoelewa sababu, alitoka mwenyewe na kandambili zake, akanisukuma yeye pamoja na mgeni mmoja muuza madini, na wote wawili wakaniombea heri. Sikumuuliza hata mmoja wao jina lake, na hadi leo najuta.

Ijumaa, saa tatu kasorobo, ng'ambo ya Mbesa. Hapo ndipo mchanga ulipoanza. Gurudumu la mbele likaingia kwenye mchanga mzito, nikalala nayo polepole kama mtu anayeketi, na injini ikazima. Niliinyanyua, nikabonyeza. Tik. Nikajaribu kuisukuma, lakini mchanga wa kule hausukumiki. Viatu vilizama kabla ya magurudumu. Simu haikuwa na mtandao. Nalasi ilikuwa mbele yangu, mwendo wa saa moja hivi. Moyoni nikamwona dada yangu akitazama njia, na jirani yule akitandikiwa mkeka kwa mara ya pili. Nilisali fungu moja la rozari nikiwa nimeshika usukani, na sikuona aibu kulia kidogo.

Mwanamke mmoja wa rika langu akatokea kwenye mikorosho, manjano kuanzia kilemba hadi miguuni, mashine ya kupulizia dawa mgongoni. Alikuwa ametoka kupulizia salfa, ule unga wa manjano wa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga kwenye korosho. Jina lake, nilikuja kujua, ni Bi Somoe.

"Assalaam alaykum, baba. Imegoma?"

"Waalaykumu salaam, mama. Imegoma. Betri ni mpya, na imekufa tena."

"Nani kakwambia imekufa? Piga honi."

Nikapiga. Ililia hadi njiwa wakaruka.

"Maiti halii," akasema, akatua mashine yake. "Sasa washa taa kubwa, halafu ubonyeze stata."

Taa iliwaka vizuri. Nilipobonyeza, ilizimika kabisa, tik, na nilipoachia ikarudi. Bi Somoe alitikisa kichwa kama daktari. "Umeme upo. Unakwama njiani. Hii ishawahi kubeba salfa?"

Swali lile lilinishangaza. Nilimweleza kwamba mwaka jana nilimbebea shemeji yangu mifuko miwili kutoka Tunduru mjini, mmoja ukapasuka, unga ukaingia hadi chini ya siti. Nikaongeza kwa fahari kwamba niliporudi nyumbani niliiosha kwa maji mengi.

Alijipiga paja. "Ukaiosha kwa maji! Nyie watu wa mahindi! Salfa inapukutwa kavu, kwa brashi, baba. Ukiitia maji ikakaa humo, inageuka tindikali, inakula shaba." Akanionyesha masikio yake matupu. "Hereni zangu za fedha naziacha nyumbani siku ya kupulizia, maana salfa inazitia weusi. Na shaba ndiyo vilevile. Hebu tuutafute huo weusi."

Nyumba yake ilikuwa hatua chache tu. Alirudi na kipande cha waya mnene uliobaki kwenye sola yao, spana, msasa, mswaki wa zamani na magadi kwenye kikombe. Kwanza alinifanya nishike ncha moja ya waya kwenye upande wa hasi wa betri, na ncha ya pili akaigandamiza mwenyewe kwenye chuma cha injini. "Bonyeza." Stata ikazunguka, injini ikanguruma. "Umeona?" akasema. "Tumeupitisha umeme njia ya mchepuko. Basi njia kuu ndiyo imeziba."

Tukaizima, tukachomoa waya wa betri, tukang'oa siti. Njia kuu ilikuwa ni ule waya mweusi unaotoka kwenye betri na kufungwa kwa bolti kwenye fremu. Bolti lilipofunguka, chini yake palikuwa na ukoko mweusi wenye kijani pembeni. Fundi wa mtaani kwetu kila alipobadilisha betri aliuvuta waya ule bila kujua, ukashika kidogo, nasi tukaisifu betri mpya. Bi Somoe aliupaka magadi ya maji kwa mswaki, ukatoa povu. Akafuta, akakausha, akanipa msasa nisugue mpaka shaba ikawa nyekundu na fremu ikawa nyeupe. Tukakaza, tukapaka grisi juu ili unyevu usirudi.

Nikabonyeza. Ikawaka kwa mguso mmoja, kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa siku nyingi. Nilisema asante mara nyingi kuliko ilivyo adabu, na nilipoingiza mkono mfukoni akauzuia. Ndipo akaniuliza nakimbilia nini. Nilipomwambia, alishika kiuno.

"Wewe ndiye mjomba wa Zuhura? Na umeniacha nikufundishe kupukuta salfa? Ondoka, baba! Ondoka!"

Nalasi, saa tano na nusu. Wazee walikuwa wamekwisha kuketi uani. Kati ya shemeji yangu na mzee mmoja mwenye kofia nyeupe palikuwa na nafasi tupu ya mtu mmoja. Niliwaamkia shikamoo, mikono yangu ikiwa na grisi hadi kwenye viwiko, nikaketi pale. Mzee yule hakunilaumu. Aliniuliza tu, mbele ya upande wa bwana harusi, "Binti huyu ana mtu?"

"Ana mimi," nikasema.

Kutoka ndani nilisikia kigelegele kimoja, cha mtu mmoja, na nilikijua ni cha nani.

Jumatatu nilirudi Songea. Nilipita kwa Bi Somoe na kitenge alichonipa dada nimpelekee, na hicho alikipokea. Nimemweleza fundi wetu habari ya waya wa fremu; sasa kila pikipiki inayosema "tik" huanza kwa kuipigia honi, na betri mbili za zamani tumegundua zilikuwa nzima. Namshukuru mke wangu, mwenye nyumba ya Tunduru na muuza madini wake, na mwanamke yule wa manjano aliyejua ugonjwa wa pikipiki kwa kujua hereni zake.

Lakini lipo la asubuhi ile kabla sijaondoka Nalasi. Tereza alikuwa akinifungia korosho kwenye keria. Sikuweza kuondoka nalo moyoni, nikamwambia, "Dada, ile mara ya kwanza pikipiki ilikuwa nzima."

Hakuinua uso. "Najua, kaka. Nilijua siku ileile." Akaivuta kamba, akafunga fundo la mwisho. "Ulikuwa na nzima, hukuja. Safari hii umekuja na mbovu."