Hormone Mu Mufuko ya Kavira

Bandugu, nakuja kuungama haya yangu. Wakati ya vita, kanisa yetu ya Beni ilitengeneza mashindano ya velo ya kwenda mupaka Mbau, na mimi, mwalimu wa géographie, banikamata kuwa commissaire, mwenye kuchunga sheria ya mbio. Nilikuwa nimesikia ku redio kama ku Ulaya batu ba velo banajidungaka hormone juu bapate nguvu, donc roho haikutulia, nilikuwa natafuta mwizi kila fasi.

Mu mufuko ya Kavira, bingwa wetu, nikakuta sindano na kachupa. Nikaviinua juu. "Huyu anajidunga hormone! Atoke!"

"Mwalimu, ni dawa ya sukari," Kavira akasema, machozi ikimutoka.

"Sukari ya kukupa mbio!" nikajibu. Batu bakacheka, nikajiona mukubwa.

Masœur, mutawa wa hopitali, akapita katikati ya batu. "Chunga mukono yako, usivunje hiyo kachupa! Njia ya Butembo imefungwa na vita, chupa ingine hapana. Bila hii, huyu mutoto anakufa. Na mugonjwa, sheria inamuruhusu."

"Mais ni hormone!" nikalalamika.

"Ndiyo, insuline ni hormone. Sasa tuelezee, Mwalimu: hormone ni nini?"

Batu bote bakanigeukia. Ile neno nilikuwa nimeisikia tu ku redio; nikamurudishia Kavira kachupa yake.